Sauti Yangu Ikikataza Kome

Mwaka ule bwawa lilipogeuka kijani, mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa matangazo kanisani kwetu Lumemo, mjini Ifakara. Nilisoma ndoa zitakazofungwa, misiba, zamu za usafi na mikutano ya jumuiya. Watu walisema nina sauti ya kulaza watoto. Sikuwahi kuifikiria kuwa kazi. Siku za kazi nilikuwa fundi cherehani, nimekaa barazani mguu ukiwa kwenye kanyagio, na sauti ilikuwa kitu cha Jumapili tu.

Mama mdogo, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, alikuwa akiishi ng'ambo ya mto, katika kijiji kilicho kwenye njia ya Malinyi. Nyuma ya nyumba yake, ukishayapita mashamba ya mpunga, kuna bwawa refu lililopinda kama mundu. Zamani lilikuwa mto wenyewe. Kisha Kilombero ukahama, ukachimba njia nyingine, ukakiacha kipande hicho cha maji kimelala peke yake kwenye nyasi. Masika mto hurudi kulitembelea bwawa, kiangazi hulisahau. Humo ndimo mama mdogo alimokuwa akiokota kome.

Kuokota kome hakuhitaji macho. Unaingia mpaka maji yafike magotini, unasimama, unaacha nyayo zizame kwenye tope laini, halafu unatembea polepole kama mtu anayetafuta kitu gizani. Kidole cha mguu kikigusa ukingo mgumu, unainama. Nilipokuwa mdogo tulizunguka namna hiyo asubuhi nzima, yeye mbele mimi nyuma, bila kusemeshana, jua likiwa jeupe juu ya maji, na nilijiona kama niko macho huku miguu yangu ikiota ndoto. Wengi kijijini hawakula kome, waliwapondea bata. Sisi tulikula. Mama mdogo aliwachemsha mpaka wakafunguka, akawatoa kwenye maganda, akawakaanga kwa kitunguu na nyanya, tukawala na wali.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kirefu na chenye joto la kukaa kifuani. Bwawa lilipungua, likapungua tena, kisha asubuhi moja likaamka na utando wa kijani, mzito, unaong'aa kama rangi ya mafuta iliyomwagika. Mama mdogo alinipigia simu kunieleza. Hakuwa na wasiwasi wowote.

"Limevaa kanga mpya," aliniambia. "Uje ulione."

Kabla sijaenda, bata wa jirani yake walianza kufa pembeni mwa maji, shingo zimelala kwenye nyasi kama wamechoka tu. Halafu mama mmoja na wanawe, waliokuwa wamekula kome, wakapelekwa zahanati midomo imekufa ganzi na matumbo yamechafuka. Walipona, lakini habari ikafika wilayani. Afisa uvuvi, ambaye kwetu humwita bwana samaki, akaenda kuchota maji na kuokota kome wachache, akawaweka kwenye boksi la barafu na kuwatuma maabara Dar es Salaam. Hakusubiri majibu. Siku hiyohiyo alitangaza marufuku ya dharura.

Bwana samaki alisali kanisa moja na mimi. Alinikuta barazani nikipinda suruali ya shule.

"Dada, nimekuja kuazima sauti yako," alisema.

"Uipeleke wapi?"

"Bwawani. Nitaifunga kwenye pikipiki."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akanieleza. Sumu ile haikumwagwa na mtu. Inatengenezwa na vijimea vya kijani, vidogo kiasi kwamba huwezi kuviona kimoja kimoja. Kome hunywa maji kutwa nzima na kuyachuja, na sumu hubaki kwenye nyama yake, wala yeye haumwi. Haina harufu. Kuichemsha hakuiondoi, hata ukikesha jikoni.

Nilirekodi kwenye simu yake, chumbani, madirisha nimefunga, na majirani wakakubali kuzima redio kwa muda. Nilianza nilivyozoea kuanza: "Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu, habari za kazi." Kisha nikasema kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku kuokota, kula au kuuza kome na konokono wa bwawa lile, ni marufuku kuvua samaki, na mifugo isinyweshwe humo, mpaka wananchi watakapotangaziwa vinginevyo. Nikawashukuru kwa kunisikiliza. Bwana samaki akaisikiliza mara mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kuifunga kwenye kipaza sauti cha pikipiki yake.

Jumamosi nilipanda basi la Malinyi kwenda kumwona mama mdogo. Nilimkuta kwenye baraza ya nyuma, juu ya mkeka, miguu ameinyoosha mbele. Tulikula, mchana ukawa mzito. Mashamba yalikuwa yamebaki mabua matupu mpaka upeo wa macho, na joto lilikuwa likicheza juu yake kama maji. Ndipo nikasikia sauti inatoka mbali, ikipotea na kurudi kwa upepo. Ilinichukua muda kutambua kuwa ni mimi.

"Wazee wetu, shikamooni," nilisema kutoka mashambani.

"Marahaba, mwanangu," mama mdogo akajibu.

Hakuniangalia. Aliitikia akitazama kule sauti ilikotokea, taratibu, kama mtu anayemwitikia mgeni aliye bado njiani. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, kanga yangu ikigusa yake, nikijisikia naja na kuondoka.

"Unaijibu kila siku?" nilimuuliza.

"Mtoto akikuamkia unanyamaza?"

Akaniambia kuwa siku pikipiki ilipopita mara ya kwanza, alikuwa na bakuli la kome tayari, wamekaangwa, wali uko mezani. Alisikia, akasimama na bakuli mkononi. Kisha akachimba shimo nyuma ya choo, refu, bata wasifikie, akawafukia.

"Angesema mtu mwingine ningekula kwanza," alisema. "Hao watu wa ofisini kila mwaka wana jambo. Lakini nikasema, huyu hawezi kuninyima chakula bila sababu."

Nilirudi Lumemo nikiwa na furaha ya kimyakimya, niliyoona haya kumsimulia mtu. Furaha hiyo haikudumu. Wiki iliyofuata mama mdogo alipiga simu akisema mzee jirani yake, mvuvi aliyelijua bwawa lile tangu likiwa na mkondo, amepelekwa hospitali Ifakara. Alikula kome. "Nenda kamtazame," aliniambia, "hana mtu huko."

Nilimkuta amelala chali, macho kwenye feni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu, na neno likamtoka likiwa nene, kama amelala na maji mdomoni. Alinikodolea macho. "Ni wewe. Wa kwenye pikipiki."

"Ni mimi. Kumbe tangazo ulilisikia?"

"Nililisikia vizuri sana. Nilikuwa nakula. Nikasema, huyu binti anasema vizuri. Nikaendelea kula." Akapumzika kidogo. "Nilisikia unavyosema, binti yangu. Unachosema sikukisikia."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama anavyoeleza mtu jinsi nyavu zilivyokatika. Mimi nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, sikuona hata bodaboda zilizokuwa zikinipigia honi. Niliwaza watu wote waliokuwa wamekaa na vikombe vyao vya chai wakiufurahia wimbo wa sauti yangu, na sufuria ziko motoni.

Nilimwambia bwana samaki. Tulijaribu kurekodi upya kwa ukali. Nilikunja uso, nikapandisha sauti, nikajisikia mtoto anayeigiza polisi. Tulipoisikiliza, bwana samaki akacheka, akaomba radhi. Ndipo nikapendekeza tumrekodi yule mzee mwenyewe.

Mzee alikuwa ameshatoka hospitali na amefikia kwa binamu yake mjini, akingoja nguvu zirudi. Alikubali bila kubembelezwa. Alishika simu karibu na mdomo, ambao bado ulikuwa mzito upande mmoja, akasema: "Mnanijua. Sikilizeni mdomo wangu ulivyo. Ni kome wa bwawani. Acheni." Akarudia kwa Kindamba, kwa ajili ya wazee wenzake. Hapakuwa na salamu wala shukrani.

Pikipiki ilipopita na sauti hiyo, niliambiwa, watu walisimama barabarani. Hakuna aliyeingia tena majini. Wachungaji waliswaga ng'ombe mbali, mpaka mtoni, na kurudi jioni na vumbi jekundu nyuma yao. Majibu ya maabara nayo yakaja, na yakawa vilevile: sumu imo, tena nyingi.

Lakini mama mdogo alinipigia simu akiwa amenuna.

"Wamekutoa," alisema.

"Hawakunitoa, mama. Yeye anasikika zaidi."

"Hana hata salamu. Mimi simjibu."

Nikaona bora niende mwenyewe. Nilipakia cherehani yangu ya mkono kwenye buti ya basi, nikahamia kwake kwa kipindi kile cha mwisho cha kiangazi. Nilishona kwenye baraza ile ya nyuma, wateja wakawa wa huko huko. Yeye alikosa la kufanya asubuhi. Bwawa lilikuwa pale, linaonekana, kijani chake kikibadilika kadiri jua linavyopanda: alfajiri kama jani la mgomba, mchana kama shaba iliyoota kutu. Siku moja niliinua macho kutoka kwenye mshono nikamwona nyuma ya nyumba, pekupeku, akitembea polepole kwenye vumbi la shamba, kichwa juu, macho hayaangalii chini, nyayo zikipapasa.

"Unatafuta nini, mama?"

"Sitafuti kitu," alisema. "Miguu imezoea."

Nikavua ndala nikamfuata. Vumbi lilikuwa la moto juu na la baridi kidogo chini yake. Tulizunguka shamba zima la mpunga, yeye mbele mimi nyuma, na nadhani aliyetuona kutoka barabarani alidhani tumepoteza pete.

Mvua zilipoanza, ziliuchanachana utando. Baadaye mto ukapanda, ukaingia bwawani usiku bila kelele, na asubuhi tukakuta maji ya kahawia yanatembea mahali yalipokuwa yamelala. Bwana samaki alichukua maji na kome mara kadhaa kabla ya kuridhika. Siku ya kuondoa marufuku alikuja kwa miguu, suruali ameikunja, kwa sababu pikipiki isingepita kwenye tope. Aliwaambia waliokusanyika kwa mtendaji wa kijiji, akaandika kwenye ubao. Wengine mpaka leo hawaamini, kwa kuwa hawakusikia tangazo lake kwenye pikipiki.

Mama mdogo alisubiri maji yashuke. Kisha akaokota, akapika, akamwita mzee. Mzee alikuja na kukaa nasi mkekani, lakini alikula wali na mchicha.

"Siogopi," alituambia. "Ila ule wakati wa ganzi, nikiweka kijiko mdomoni, naona kama analishwa mtu mwingine. Sitaki kumwona tena yule mtu."

Mama mdogo akamwongezea mchicha. Mimi nilikula kome. Walikuwa watamu, wana ladha ileile ya mto na moshi, na baada ya kila tonge niliipitisha taratibu ncha ya ulimi kwenye midomo, nikihakikisha bado ni yangu.

Nilirudi Lumemo masika yalipokwisha, maana nguo za kushona zilikuwa zimejaa. Mzee sasa ndiye mtangazaji wa kijiji. Chanjo ya ng'ombe, mikutano, mtoto aliyepotea, wote humfuata yeye, na amenunuliwa kipaza sauti cha betri. Mdomo wake umepona kabisa, ila akishika kile kipaza anaongea vilevile, kwa uzito, kama bado una ganzi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema akiongea kawaida watu hawageuki.