Alivunja kioo kuwatoa watoto, akaitwa mharibifu wa mali

Saa tatu asubuhi. Jua limekwisha kuanza kuuma kwenye uwanja wa gereji, na Mama Vioo amepiga magoti kando ya gari la shule, sikio amelibandika mlangoni kama mkunga anayesikiliza tumbo la mzazi.

"Bonyeza," anamwambia dereva aliyeketi ndani.

Dereva anabonyeza. Kimya.

"Bonyeza tena, usiachie."

Kimya. Mama Vioo ananyanyuka na kufuta jasho kwa mgongo wa mkono. Ni fundi umeme wa magari, na miaka hii ya karibuni kazi inayomlisha zaidi ni vioo vinavyopanda na kushuka kwa kitufe. Jina la utani alipewa na wateja, nalo likammeza. Hata mumewe, ambaye ni mwashi, humwita hivyohivyo.

Huwa hakimbilii kufungua mlango. Kwanza hutazama kile kitufe cha upande wa dereva kinachozima vioo vyote vya nyuma. "Wengi hukigusa kwa kiwiko bila kujua, halafu wananijia na sura ya msiba," anasema huku akicheka. Kisha huangalia fyuzi. Fyuzi ikiwa nzima, huchukua swichi ya mlango unaofanya kazi na kuijaribu kwenye mlango mgonjwa. Mota ikiguna bila kioo kusogea, umeme upo, kilichokwama ni reli au kamba inayovuta kioo. Isipoguna kabisa, umeme haufiki, na hapo hufuata waya.

Leo haikuguna. Anauvuta mpira mweusi ulio kwenye bawaba, pale nyaya zinapotoka kwenye mwili wa gari na kuingia mlangoni. Kila mlango unapofunguliwa nyaya hizo hukunjwa, hata siku moja zikachoka na kukatika.

Lakini hizi hazikuchoka.

"Ona," anasema, na sauti inabadilika. "Waya uliochoka hunyofoka vinyuzivinyuzi. Huu umekatwa kwa koleo, ncha zikavikwa utepe. Kioo hiki hakikufa. Kimeuawa."

Dereva, mzee mwenye mvi, anainamisha uso. Anasema alilikuta gari hivyo na tajiri wake akamwambia asiulize. Amelileta bila kumwambia mwenye gari. "Nina wajukuu wa rika la hawa ninaowabeba," anasema. "Nikilala nawaona wao."

Ndiyo, wapo watu wazima wenye akili timamu wanaokata nyaya za vioo katika magari ya watoto. Sababu yao ni kwamba watoto hutoa mikono nje, hutupa karatasi, hupiga kelele barabarani. Hoja hiyo inasikika tamu mpaka uiweke ndani ya gari lisilo na kipoza hewa, mchana wa jua kali. Dawa ya mtoto mtundu ni kumwajiri mtu mzima akae naye nyuma. Mtu mzima hulipwa kila mwezi, na koleo hukata mara moja tu.

Mama Vioo alifunzwa kazi na mjomba wake, ndugu wa mama yake, aliyekuwa akitengeneza redio kabla ya kuhamia kwenye magari. Alipomaliza darasa la saba ada ya sekondari haikupatikana, mjomba akamweka benchini na kumpa bisibisi. "Aliniambia umeme hausemi uongo, anayesema uongo ni mwenye gari," anakumbuka. Kwa kioo kimoja hupata fedha ya kununua unga na mafuta ya siku mbili, tatu akibana. Ndiyo iliyosomesha watoto wake wanne.

Mwaka jana alikuwa na mteja mkubwa, mmiliki wa magari yanayopeleka watoto shuleni. Karibu theluthi ya kazi zake za mwezi zilitoka kwa bwana huyo. Siku moja akaja mwenyewe, mkono mfukoni.

"Fundi, nikatie nyaya za vioo vya nyuma. Magari yote."

"Una maana nizirekebishe, bosi?"

"Nimesema kata. Nimechoka na malalamiko ya barabarani."

Mama Vioo akamuuliza magari yenyewe yana kipoza hewa. Akajibiwa kwamba kipoza hewa si kazi yake. Akamweleza kuwa milango ya nyuma imeshafungwa kwa kufuli la watoto, haifunguki kwa ndani, na mbele pamewekwa wavu wa chuma ili dereva asisumbuliwe. Kioo kikifa pia, mtoto atatokea wapi?

"Akaniambia, 'Wewe ni fundi au mzazi?' Nikamwambia ni vyote viwili, na kazi hiyo sifanyi."

Bwana yule hakwenda mbali. Vibanda viwili mbele, katika uwanja uleule, yupo fundi wanayemwita Koleo. Kabla ya jioni nyaya za magari yote zilikuwa zimekatwa.

Kwa Mama Vioo ugali ukapungua. Mumewe alimkuta usiku akihesabu akiba akamwambia, "Mke wangu, umekataa kazi, hukukataa riziki. Riziki ina mlango mwingine." Lakini mlango huo ulichelewa kufunguka, na mtoto wa tatu akarudishwa nyumbani kwa ada.

Kilichofuata kilitokea mchana mmoja wa kiangazi. Muuza mboga alikuja mbio uwanjani, kikapu hana, viatu hana. "Mama Vioo! Watoto wanakufa huko juu!"

Gari moja la bwana yule lilikuwa limezimika barabarani. Dereva, aliyekuwa peke yake kwa kuwa mhudumu wa watoto alikuwa ameachishwa kazi kupunguza gharama, aliogopa watoto wasije wakashuka na kugongwa. Akalifunga gari, akaondoka kutafuta mafuta.

Ndani kulikuwa na watoto tisa wa chekechea. Mama Vioo anasimulia taratibu, akiangalia chini. Walikuwa wamelowa kama waliotolewa mtoni. Wawili walikuwa wamelala, vichwa vimening'inia. Msichana mmoja alikuwa akilamba kioo.

"Nikamwonyesha kitufe, nikamwambia, 'Bonyeza, mwanangu.' Akabonyeza kwa vidole viwili. Magari yale vioo hushuka hata ufunguo ukiwa umetolewa. Nikasikiliza. Hakuna kitu. Nikajua. Mungu wangu, nikajua palepale."

Namba ya mwenye gari ilikuwa imeandikwa mlangoni. Muuza mboga akapiga, akaweka sauti ya juu. Waliokuwepo wote walisikia jibu: "Dereva anarudi. Asiguse mtu gari langu."

Mama Vioo akawaashiria watoto wasogee upande wa pili. Akapiga pembe ya kioo kwa nyundo aliyokuja nayo kutoka gereji, mara moja, kikamwagika chote. Akapitisha mkono, akavuta kidude cha kufuli, akafungua mlango kwa nje. Muuza mboga akawamwagia watoto maji aliyokuwa akinyunyizia mboga zake. Wale wawili wakakimbizwa hospitali, wakalazwa. Walipona.

Ungetarajia mwenye gari aje na shukrani, au japo aibu. Alikwenda kituo cha polisi kushtaki kwamba fundi mmoja, kwa chuki ya kunyimwa kazi, amevunja kioo cha gari lake.

Mama Vioo aliitwa. Alikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi, mkono umefungwa kitambaa pale kioo kilipomchana. Mshitaki wake alipewa kiti ofisini na maji ya kunywa. Mkuu wa zamu alipotoka alimuuliza swali moja tu: "Wewe ndiye mharibifu?"

"Nilikuwa nalia," anasema. "Na nilikuwa nimejiapiza nisilie mbele ya yule mtu."

Aliyejibu ni mama wa mmoja wa watoto waliolazwa, aliyeingia mtoto akiwa mgongoni. "Afande, kama kioo kina thamani hiyo, nipimie na mwanangu tujue nani zaidi." Nyuma yake walikuwepo wazazi wengine, wengine wakiwa na nguo za kazi.

Mkuu wa zamu alitoka hadi uani, ambako gari liliegeshwa kama kielelezo, akabonyeza kitufe cha nyuma mwenyewe. Akabonyeza cha pili. Mpira wa bawaba ukavutwa, nyaya zikaonekana. Akauliza nani amezikata. Mwenye gari akasema ni kwa usalama wa watoto.

Shauri la kioo likafutwa. Basi. Hakuna aliyeombwa radhi. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kuwafungia watoto tisa ndani ya tanuri la bati, na magari yale yangali barabarani. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hapa mnyonge alinyongwa, na haki yake bado inatafutiwa faili.

Nilimwendea Koleo kibandani kwake. Hakuacha kufanya kazi. "Niliambiwa kata, nikakata," alisema. "Na mimi nina watoto wa kulisha." Nilipomkumbusha kwamba wale tisa nao ni watoto, aliniomba nimpishe, namzibia mwanga.

"Tunasalimiana," Mama Vioo anasema kumhusu. "Jirani ni jirani. Ila chai hatunywi pamoja."

Tangu siku ile madereva wa magari ya shule humjia mmoja mmoja, wengine kwa kujificha kama wagoni. Huwaunganishia nyaya bila malipo, hununua utepe kwa fedha yake. Akiulizwa kwa nini, hukasirika: "Nimtoze nani? Mtoto?"

Sasa yeye na wale wazazi wana mpango. Shule zikifunguliwa, atasimama getini asubuhi na kupima vioo vya kila gari kabla ya kubeba watoto. Mwalimu mkuu mmoja amekubali. Wawili wamemwambia shule si gereji. Wazazi wamekubaliana kwamba gari litakalokataa kupimwa halitabeba mtoto wao, hata ikibidi watembee nao kwa miguu.

Je, haogopi kuitwa kituoni tena?

"Waniite," anasema, akiinama kuunganisha waya wa mwisho. "Safari hii sitakaa kwenye benchi la korido. Nitaomba kiti."