Senje Agneta na Disketi za Kukhu

Juzi fundi alifungua televisheni ya zamani kazini kwetu, na ile harufu ya vumbi lililoungulia juu ya vyuma vya moto ikanipanda puani kabla sijajua inatoka wapi. Nilisimama pale mlangoni na kikombe cha chai mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake. Hiyo, msomaji wangu, ndiyo iliyokuwa harufu ya chumba cha Senje Agneta pale Kaptembwo, Nakuru, mwaka wa 2007, nilipokuwa darasa la nne.

Kwetu Wabukusu, senje ni dada ya baba. Huyu wangu alikuwa sekretari katika ofisi moja mjini, na alipanga chumba kilichopakana na chetu kwenye ploti. Mahali ambapo watu wengine waliweka kabati la vyombo, yeye aliweka kompyuta. Usifikirie zile za saiba. Hii ilikuwa ya miaka ya themanini, kibodi nene ambayo mashine yote ilikaa ndani yake, ikiunganishwa kwa waya na televisheni. Aliachiwa na mwajiri wake wa zamani, mwenye shamba huko Dundori, siku alipouza kila kitu na kuhama nchi. Senje aliifumia kitambaa cheupe chenye maua ya zambarau, sawasawa na vile vya makochi yake, na kila alipoizima aliivika. Majirani waliamini ni taipureta ya serikali, na kwa sababu hiyo walimheshimu kidogo zaidi.

Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na bibi yangu. Kukhu, mama yao Senje na baba, aliletwa mjini kutibiwa macho kabla sijazaliwa, akakaa karibu mwaka mzima. Macho hayakupona. Bila shamba la kulima wala kuku wa kufukuza, alibaki na mdomo wake tu, na mdomo huo ulijaa. Kila jioni alisimulia kwa Kibukusu, na Senje, ambaye hakuhitaji kutazama vidole vyake akipiga taipu, aliandika neno kwa neno. Hadithi za fisi mlafi, habari za mwaka nzige walipofunika jua, ugomvi wa wake wenza, majina ya nyasi za kuezekea. Kukhu alifariki nikiwa bado nanyonya. Sauti yake haikurekodiwa popote na maneno yake hayakuwahi kuchapwa kwenye karatasi. Zilikuwepo disketi tu, mfuko mzima wa plastiki, chini ya kitanda.

Mvua za mwaka ule ziliupitia ukuta wa chumba hicho. Siku moja Senje aliingiza disketi, mashine ikakoroma, ikanyamaza, kisha ikakataa. Aliitoa, akasukuma kwa ukucha kile kimlango chake cha bati na kunionyesha ndani. Madoa meupe, kama ya mkate uliolala siku nyingi.

"Hii imeenda," alisema. "Ilikuwa ya nzige."

Hakulia, lakini alikaa nayo mapajani muda mrefu kuliko niliotumia kumaliza sahani ya githeri.

Disketi mpya za aina hiyo hazikuuzwa tena mjini, na zile safi alizobaki nazo zilijaa kiganja kimoja. Palikuwa na njia moja tu: programu ya kukusanya mafaili mengi na kuyabana yawe kifurushi kidogo, kama unavyolikalia sanduku ili lifunge. Tukaenda kwa Mzee Jagjit, Sikh mstaafu aliyewahi kuuza redio mjini, mtu wa pekee tuliyemjua mwenye mashine kama ya Senje. Alikuwa na boksi zima la programu alizobadilishana na marafiki kwa posta enzi za ujana wake, na alitupokea kwa chai ya tangawizi na furaha ya mtu ambaye wajukuu wamechoka kumsikiliza.

"Mama, chukua hii," alimwambia Senje, akiinua disketi yenye lebo nyekundu. "Hii iko haraka sana. Inabana kabisa. Hakuna ingine inaifikia."

"Na ikibana, inafungua?"

Mzee Jagjit alicheka. "Sasa Mama, itakosa kufungua namna gani?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza. Nipe na zingine."

Akampa mbili zaidi, moja ambayo hata haikuwaka, na nyingine ya polepole aliyoitoa chini kabisa ya boksi huku akiiombea msamaha.

Hapo ndipo nilipoanza kumwona senje yangu kwa jicho jipya. Mtu mwingine angechukua ile ya haraka, akafunga hadithi zote na kulala. Yeye alinakili hadithi chache tu kwenye disketi kuukuu, akazibana kwa ile ya lebo nyekundu, kisha akaiweka disketi hiyo kuukuu juu ya spika ya redio yetu mchana kutwa.

"Senje, si ulisema spika ina sumaku? Itaharibika."

"Ndiyo nataka iharibike. Nataka kuona itaniambia nini."

Kesho yake aliifungua. Programu ilifanya kazi yake upesi na kuandika kwamba mambo yote ni sawa. Senje alichukua karai la njegere, akaketi kwenye kochi, akafumba macho.

"Nisomee."

Nilisoma kwa kukwaa, maana Kibukusu changu kilikuwa cha salamu na kuitiwa chakula tu. Fisi alikuwa amefika mlangoni kwa mkwewe. Halafu, katikati ya sentensi, fisi akageuka kuwa alama za dola na nyota, na aliporudi alikuwa ndani ya hadithi ya wake wenza. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Senje hakucheka.

"Imesema ni sawa," alisema. "Umeona? Imeharibu, na imesema ni sawa."

Ile ya polepole aliipitisha njia hiyohiyo, pamoja na spika. Ilijikokota. Umeme ulikatika ikiwa katikati, ikabidi tuanze upya. Vifurushi vyake vilikuwa vikubwa zaidi, kiasi kwamba Senje alikuna kichwa akitazama zile disketi zake chache. Lakini ilipofungua ile disketi iliyolala kwenye sumaku, ilisimama na kuandika kwamba faili moja limeharibika, ikalitaja jina, kisha ikaendelea na kuyatoa mengine yote mazima. Senje alisogea karibu na televisheni mpaka uso wake ukawa wa buluu.

"Huyu nitaishi naye," alisema.

Tulipomrudishia Mzee Jagjit habari, alijikuna ndevu. "Yangu yote nimefunga na ile nyekundu," alisema mwishowe. "Picha za harusi, kila kitu." Kisha akaomba Senje amwonyeshe, wakakaa pamoja alasiri nzima wakifungua vifurushi vyake kimoja baada ya kingine, na kila kilichotoka kizima mzee alipiga paja.

Likizo ya Agosti na ile ya Desemba tulizimaliza hivyo. Senje alifunga hadithi kwa ile programu ya polepole, akazifungua tena, nami nikazisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, yeye akipiga pasi au akichambua mchele. Hakuwa na karatasi ya kulinganishia. Alikuwa na masikio. Niliporuka neno aliniambia nirudi, na nilipolitamka vibaya alilisema jinsi Kukhu alivyolisema, sauti yake ikizama na kuwa nzito. Wenzangu walikuwa nje wakiruka kamba. Nililalamika, na yeye alijibu kila mara, "Lazima tuhakikishe."

Kisha ikaja Januari ya 2008, ya vurugu za baada ya uchaguzi. Ninyi mliokuwa Nakuru mnaijua, na ambao hamkuwepo mmesimuliwa. Shule hazikufunguliwa, maduka yakafungwa, moshi ukawa unaonekana upande huu na ule. Asubuhi moja baba alisema tunaondoka sasa hivi, kila mtu na begi moja. Senje aliivika kompyuta kitambaa chake, akakinyoosha pembe kana kwamba anatarajia wageni, kisha akatia disketi ndani ya mkebe wa biskuti na mkebe ndani ya mkoba. Katika lori lililotupeleka kwa jamaa zetu Bungoma aliupakata mkoba huo kama mtoto mchanga.

Tuliporudi mvua za masika zilikuwa zimeanza. Mlango wa Senje ulikuwa umevunjwa. Televisheni haikuwepo, kompyuta haikuwepo, hata kitambaa. Alisimama katikati ya chumba, akafagia vioo vya dirisha, akaniambia nivae viatu.

Mzee Jagjit alitufungulia lango mwenyewe. Alimshika Senje mikono yote miwili. Wakaketi mbele ya mashine yake. Senje akafungua mkebe wa biskuti, akaingiza disketi. Programu ilijikokota kama kawaida yake. Faili la kwanza, sawa. La pili, sawa. Ilipofika mwisho bila kutaja hata jina moja lililoharibika, Senje aliweka kichwa juu ya kibodi ya watu, akalia. Mzee Jagjit akatoka kwenda kuchemsha chai.

Miaka mingi baadaye kazi yangu ikawa hiyohiyo ya kutunza mafaili ya watu, na nikajifunza jambo lililonishangaza. Programu kama ile hujikagua yenyewe. Ilikuwa inatosha Senje kuandika amri fupi, na kwa muda wa kuchemsha maji ingemwambia kwamba kila herufi iko mahali pake. Nilimpigia simu Bungoma, anakoishi sasa, nikamuuliza kama alikuwa anajua wakati ule.

"Nilijua," alisema. "Hata nilikuwa naikagua hivyo kabla hujaamka."

"Sasa ulinisomesha hadithi zote ya nini? Likizo mbili, Senje."

Nilisikia kuku wake nyuma ya simu.

"Mashine ilikuwa nazo tayari," alisema. "Wewe ndiye hukuwa nazo."

Tulikuwa tunazungumza Kibukusu, yeye na mimi, na kilikuwa kikinitoka mdomoni tangu salamu ya kwanza bila kukitafuta.