Jino la Kupulizia

Elieza Kaaya wa Nkoaranga alipigwa kichwa na mtamba wake mwenyewe, alipoinama kumnywesha dawa ya minyoo. Jino la juu, la mbele kabisa, likaenda na maji. Mtu mwingine angenuna siku mbili tatu, kisha akalizoea pengo lake. Elieza hakuweza, kwa sababu ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya tarumbeta katika bendi ya usharika, na tarumbeta hupulizwa kwa midomo iliyoegemea meno. Pale mbele pakibaki wazi, mdomo hauna ukuta.

Jumapili iliyofuata alijaribu hivyo hivyo na pengo lake. Kilichotoka hakikuwa wimbo, kilikuwa upepo. Akatengenezewa jino la kuvaa na kuvua, akaenda nalo kupiga kwenye harusi kule Sakina, na ilipofika noti ya juu likaruka, likatua kwenye mapaja ya shangazi wa bibi harusi. Shangazi alilirudisha kwa adabu zote, limefungwa kwenye leso yake. Elieza alifika nyumbani akaifungia tarumbeta sandukuni, na wiki nzima mkewe Anande hakumsikia hata akipiga mluzi.

"Baba Allen," Anande alimwambia, "ama tuizike hiyo tarumbeta tukae matanga, ama uende kwa daktari. Nyumba imekuwa ya msiba na hakuna aliyekufa."

Daktari Kandida, mwanamke wa Kichaga mwenye kliniki Sekei, alikuwa mchangamfu lakini hakuwa mtu wa kukimbizwa. Alimwamkia mzee shikamoo, akamwambia afungue kinywa, akachunguza kila jino lililobaki. Elieza alikuwa ametegemea kuondoka na jino siku hiyo hiyo, kama mtu anavyotoka kwa fundi viatu.

"Linawezekana," Kandida alisema. "Nitaweka skrubu ndogo ndani ya mfupa wa taya. Mfupa ukiishika sawasawa, jino linafungwa juu yake. Ila fizi zako zinatoa damu, mzee wangu, tuzitibu kwanza. Na sigara unaacha."

"Zote?"

"Sigara na jino hili havikai nyumba moja."

Elieza akauliza kama litadumu.

"Ndiyo maana sitaki haraka. La kukurupuka naweza kukuwekea, lakini sitajua kesho litakuwaje. Mimi nataka ukija hapa miaka kumi ijayo, nijue nitakuta nini kabla hujafungua mdomo."

Halafu akamtuma alete tarumbeta. Hilo lilimshinda Elieza kuelewa, lakini aliileta, akakaa kwenye kile kiti cha kulalia akaiegemeza mdomoni, naye daktari akachungulia mahali pale pa kupulizia panapokandamiza. Ni palepale penye pengo.

"Basi, mzee, jino la kutafunia utalipata mapema kuliko la kupulizia," alisema. "Usiiguse hii mpaka nikuambie mimi."

Mtamba aliyemng'oa jino ndiye aliyeuzwa kulilipia lingine, na Elieza aliona haki imetendeka. Kuwekwa skrubu kwenyewe hakukuwa kazi kubwa. Alishatolewa miiba miguuni iliyomuuma zaidi. Kazi ilikuwa kungoja. Akiwa na jino la muda, la kuonekana tu, alishinda shambani akizunguka migomba na kahawa huku vidole vya mkono wa kulia vikibonyeza hewa.

"Nadhani imeshashika," alimwambia Anande kila baada ya siku chache. "Nijaribu kidogo tu nione."

"Ule mche wa kahawa wa ndugu yako uliota?" Anande aliuliza.

Elieza akarudi kwenye migomba yake. Ndugu yake alikuwa na tabia ya kuutikisa mche kila asubuhi aone kama umeshika, na haukushika.

Pasaka ikaja kabla mfupa haujakubali. Kwa desturi ya usharika wao, asubuhi ya Ufufuko bendi huanzia makaburini kungali na kiza, ikashuka vijia vya mteremko ikipuliza, na nyumba moja baada ya nyingine ikifungua mlango. Tangu ujana wake, watu wa Nkoaranga waliamshwa Pasaka na Elieza. Mwaka huo sauti ya kwanza ilichukuliwa na Hans, rafiki yake wa sauti ya pili, na Elieza akapewa ngoma.

Hans alikuwa mtu mwema, lakini noti ya juu hakuwa nayo. Kila alipoifikia aliikwepa kama mtu anayeruka tope. Mlango mmoja ukafunguka, bibi mmoja akauliza nani amekufa. Elieza aliumia, tena aliumia kwelikweli, akaona Pasaka ya watu inaharibika mbele ya macho yake.

Kwenye kona yenye mwinuko mkali Hans alisimama, jasho likimtoka, akamnyoshea tarumbeta. "Ndugu yangu, chukua. Ubeti mmoja tu. Nani atamwambia daktari?"

Elieza aliishika. Akaipandisha mpaka akausikia ubaridi wake kwenye mdomo wa juu. Bendi nzima ilinyamaza ikimngoja, na yeye pumzi alishaivuta.

"Baba Allen," Anande alisema kutoka nyuma, katikati ya wanawake wenzake. "Mche."

Pumzi ikatoka puani. Alirudisha tarumbeta, akashuka mlima akiipiga ile ngoma kwa hasira hata ng'ombe wakaitika.

Miezi ilipotimia, jino likaletwa kutoka kwa fundi, jeupe kama maziwa. Elieza akajitazama kwenye kioo. Meno yake yana ile rangi ya kahawia waliyo nayo watu waliokulia maji ya Meru, na katikati yao alikuwa amesimama mgeni.

"Daktari, hili ni la mtu wa Dar. Nikicheka kanisani watauliza nimelitoa wapi."

Kandida alicheka mpaka akavua barakoa. Jino likarudi kwa fundi, likaja jingine lenye mstari wa kahawia, na tangu siku hiyo hakuna jirani aliyewahi kubahatisha ni lipi.

Pasaka iliyofuata alipuliza. Noti ya juu ilitoka nzima, ikaenda mpaka ng'ambo ya bonde, na Anande alilia waziwazi bila kujificha. Imepita miaka saba sasa. Kila mwaka Elieza hushuka Sekei kupigwa picha ya taya, na kila mwaka Kandida huangalia mfupa, ukiwa palepale alipouacha, na kumgombeza juu ya meno mengine. Kila jioni Elieza hupitisha uzi wa kusafishia meno kando ya lile jino, kwa uangalifu asioutumia hata kwa ng'ombe wake.

Mwaka huu, wiki chache kabla ya Pasaka, Hans alifika kwake amejishika mdomo. Alikuwa ameng'ang'ania mfupa wa mbuzi kwenye kipaimara, na mfupa ukashinda.

"Ndugu yangu," alisema, na upepo ukapita pengoni, "hiyo skrubu yako, mtu akishawekewa, anakaa muda gani ndipo apulize?"

Elieza aliingia ndani, akatoka na kirungu cha ile ngoma aliyopiga Pasaka ya pengo, akamkabidhi.