Pamba Ilivyoota Ndani ya Tela

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya kiwanda cha kuchambulia pamba, Bariadi, wanaume walinicheka. "Mwanamke na magari wapi na wapi!" Lakini wenyewe hawakujua kukandika, kwetu Usukumani hiyo ni kazi ya wanawake. Basi enzi zile za ruksa mimi nikaajiriwa kwa sababu ya matope.

Kazi ilikuwa tela kuukuu la kulala, kinyumba cha magurudumu kinachovutwa na gari. Mama Mkaguzi wa Pamba alilala humo msimu wote akizunguka vijijini. Kifua kilimbana, harufu ya rangi na plaiwudi iliyooza ilimkata pumzi. Akanishika mkono.

"Mayu, mama yangu, nisipoweza kulala humu watanirudisha ofisini. Mimi nimezoea mashamba."

Nilimhurumia mno.

Tulibomoa hadi chesesi. Nikafunga fito, nikachanganya udongo, samadi na nyuzi za katani, ili mashimo ya barabara ya Migato yasiupasue ukuta. Mbao tukazipaka mafuta ya mbegu za pamba, rangi basi. Kati ya fito, ili kuzuia joto, ilitakiwa pamba iliyochambuliwa. Bwana Karakana, mkuu wetu, akashindilia pamba yenye mbegu.

"Baba, hiyo itaota."

"Wewe kandika! Nimezaliwa shambani, pamba utanifundisha?"

Haya. Nikakandika.

Udongo ukiwa bado mbichi, vijani viwili viwili vikachomoza ukutani, juu ya kitanda. Weee! Bwana Karakana akashika kichwa. Mama Mkaguzi ndiye aliyewafokea wakulima wasiong'oa masalia, miche ya nje ya msimu inayolea wadudu.

Akaja, akaingia, akafunga mlango. Tulipochungulia dirishani alikuwa amelala fofofo, anapumua taratibu, vijani vinatikisika juu yake. Nasi tukakaa chini, tukamsikiliza.

"Mwangaluka," akatuamkia kwa salamu ya asubuhi alipotoka, kumbe jua linazama.

Kisha akang'oa miche yote, sheria ni sheria. Mmoja akauacha.

"Huu kesho," akasema.

Kesho hiyo haikufika. Mche ulijikaukia wenyewe ukutani, naye akazunguka na tela lile mpaka akastaafu.

Nami nimestaafu, niko kwangu Nassa. Mchana nikijinyoosha kwenye nyumba niliyoikandika mwenyewe, usingizi ukinichukua, namsikia mama yule akipumua. Naamka nikicheka.