Mtongwe Chini ya Kochi

Kila ninaponusa vumbi la chaki, kosa hili hunirudia: niliweka kambi ya wanamaji wa Kenya ndani ya Ziwa Victoria. Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa kufuta herufi moja hadi karatasi itoboke, kwa hiyo mtanielewa nikisema bado linaniuma.

Rafiki yangu Akinyi aliishi ndani ya kambi ya jeshi hapa Thika. Sisi tulipanga nyumba nje ya ukuta wake. Baba yake, fundi wa mitambo, alikuwa ameambiwa ahamie Mtongwe, kwa wanamaji. Mimi mahali pa mbali zaidi nilipopajua palikuwa Ruiru, kwa tata, dada yake baba. Basi nikachora Kenya kwa chaki kwenye sakafu yetu nyekundu, nimwonyeshe Akinyi kwamba haendi mbali. Meli zinataka maji, na maji niliyoyakumbuka kwenye ramani ya darasani yalikuwa ziwa.

"Utakuwa karibu na kwa nyanya yako," nilimwambia. "Nitakuja Jumamosi."

"Sawa. Lete nanasi."

Baba yake alipokuja kumchukua, alisimama mlangoni akiitazama ramani, buti zake zikinukia rangi ya viatu.

"Kijana, umepeleka meli zetu ziwani kuvua omena."

Akachuchumaa, akachukua chaki. Akatia alama kambi walizowahi kuishi, Gilgil, Nanyuki, Isiolo, na kila alama Akinyi aliipa chake. "Hapo niliacha paka." "Hapo jino langu, nililirusha juu ya mabati." "Hapo nilimwacha rafiki yangu Halima." Kambi kwangu ilikuwa ukuta na tarumbeta ya asubuhi. Sasa nchi nzima ilikuwa imelala sakafuni kwetu, na rafiki yangu alikuwa ameishi ndani yake vipande vipande.

Chaki ikaelekea pwani, na pwani haikuwepo. Nafasi ilikuwa imeniishia.

"Shika upande ule," baba yake akasema, tukasogeza kochi. Huko chini, kwenye vumbi, akaandika Mtongwe, ng'ambo kidogo ya Mombasa, kisha juu zaidi, karibu na Lamu, akaandika Manda, kambi yao nyingine.

"Na Ruiru?" nikauliza.

Akaweka nukta ubavuni mwa Thika. Zikagusana.

Nilimwomba Akinyi msamaha, masikio yakiniwaka.

"Nilijua si ziwani," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshasema utakuja Jumamosi."

Walihama kabla ya Jumamosi hiyo. Kwa miaka mingi niliona haya kwa sababu ya lile ziwa, nikasoma ramani peke yangu hadi nikaweza kuchora pwani macho yamefumbwa. Nilichelewa kuelewa kwamba Akinyi, aliyeahidiwa "nitakuja" katika kila nukta ile, aliujua umbali kutuzidi sote. Alitaka tu aondoke Thika akiwa na mtu wa kumngoja.

Bado napima kila kitu mara mbili. Ila siku hizi mtu akiniambia atakuja, simuulizi umbali.