Simu ya Katibu wa Misiba

Datius Rugaibula aliwahi kunitoza faini, kwa hiyo nikimsimulia kwa ukali mahali fulani, msomaji ajue chanzo chake. Faini yenyewe ilikuwa mkungu wa ndizi na debe la lubisi, pombe yetu ya ndizi. Kosa langu lilikuwa kufika msibani kaburi likiwa limekwisha kuchimbwa. Umeme ulikuwa umekatika, simu yangu ikaisha chaji, habari hazikunifikia. Nilijieleza hivyo mbele ya wanachama wote wa chama chetu cha kufa na kuzikana, hapa kijijini karibu na Kamachumu. Datius, ambaye ndiye katibu, akanitazama juu ya miwani yake na kusema kwamba simu kuzimika si udhuru, kwa sababu miguu haihitaji chaji. Watu wakacheka. Mimi Kamala nililipa, tena mkungu mzuri, kwa hasira.

Datius alikuwa karani wa ushirika wa kahawa kwa miaka ishirini na saba, na alipostaafu alirudi kijijini na kalamu zake. Kila kitu tulichokuwa tukikifanya bila kufikiri, yeye alikiandika na kukipa namba. Mfano ni jembe. Kwetu mtu akifa, jembe linawekwa chini mpaka azikwe. Anayelima siku hiyo ni sawa na anayeshangilia, na maneno yake yatawafuata hata wajukuu. Hilo tulirithi kwa babu zetu, wala hatukuhitaji karatasi. Datius akaliandika, akaliita kanuni ya tisa, akaongeza kwamba mkosaji lazima aonwe na mashahidi wasiopungua watatu. Tangu hapo tukawa tunaliogopa mara mbili: kama mwiko na kama kanuni.

Binti yake Evelyne, anayeishi Bukoba mjini, alimnunulia simu janja ili misiba iende haraka. Nayo ikaenda haraka kweli. Aliyefiwa alimpigia Datius, Datius akaandika kwenye kundi la simu la chama, na baada ya nusu saa majembe yote yalikuwa chini. Kwa sababu hiyo simu yake haikuzimwa kamwe. Hata kanisani aliiweka kwenye mtetemo, mfuko wa shati, akaishika kwa kiganja kama mtu mwenye kiungulia.

Sasa simu isiyozimwa ina adhabu yake. Watu walimpigia kuuliza leo ni tarehe ngapi. Walimpigia kuuliza kama fulani wa ng'ambo ya mto, anayesemekana amekufa, amekufa kweli au ni maneno ya watu. Kuna mama mmoja aliyempigia kila asubuhi kumsimulia ndoto zake, ili ikitokea mojawapo ni ya msiba, katibu awe na taarifa. Datius hakuweza kumkatia mtu simu. Hakuweza pia kusema uongo, maana alikuwa Mkatoliki wa kuhesabu dhambi zake kila jioni. Akawa anasimama kibanjani, yaani kwenye shamba lake la migomba, jembe mkono mmoja na simu mkono wa pili, mpaka jua linafika utosini. Magugu yakapanda. Mkewe alikuwa amekufa miaka minne nyuma, naye Datius aliishi peke yake, hapakuwa na wa kumsaidia.

Mwezi wa tatu tulikwenda naye Bukoba kumwona Lwakatare, rafiki yake tangu darasa la kwanza, aliyekuwa amelazwa. Hao wawili walipendana kwa njia ya kutukanana. Tulimkuta Lwakatare amekaa kitandani anamenya chungwa, mkewe Clotilda yuko pembeni. Hakuuliza hata habari za safari. Alimwambia Datius kwamba amesikia nyani wameanza kuulizia kodi ya nyumba kwenye kibanja chake. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Datius akacheka pia, lakini nilimwona shingo imesimama. Mtu anayetoza wenzake faini hapendi kusikia habari za magugu yake mpaka wodini.

Kutoka pale alinivuta moja kwa moja hadi Miembeni, kwenye meza ya fundi simu aitwaye Najibu. Akamweleza shida yake kwa urefu, tangu mama wa ndoto mpaka nyani. Najibu akamwambia dawa iko humo humo ndani ya simu. Unapanga saa ya kujizima na saa ya kujiwasha, basi, kila siku inafanya yenyewe bila kuguswa. Datius akamuuliza swali ambalo nadhani Najibu hajawahi kuulizwa na mteja mwingine.

"Ikijizima hivyo, aliyezima ni nani? Ni mimi au ni simu?"

Najibu akafikiri kidogo, akasema ni simu.

Nilimwona Datius akipumua kama mtu aliyetoka kuungama. Njiani kurudi Kamachumu akanifafanulia, ingawa sikuuliza. Akizima yeye, amemkataa mtu. Ikijizima yenyewe, hayo ni mambo ya mitambo na hakuna aliyekataliwa. Alipanga simu ijizime saa mbili asubuhi na kuwaka saa saba mchana, ili alime kwa amani. Wengi wetu tungechanganya saa zetu na saa za kwenye simu, tukazima usiku badala ya mchana. Datius hakuchanganya. Alihakiki mara tatu, na simu ikafanya kila alichoiagiza, kwa dakika.

Siku tisa za mwanzo zilikuwa neema. Waliompigia asubuhi waliambiwa na yule dada wa simu kwamba hapatikani, wakalaumu mtandao. Mtandao ukabeba dhambi zake zote bila kunung'unika. Mama wa ndoto akaanza kuota kidogo. Kibanja kikarudi kuwa kibanja, nyasi zimetandazwa chini ya migomba vizuri, mibuni imepogolewa. Datius akanenepa kidogo, au ilikuwa furaha tu. Hakumwambia mtu mwingine habari za ratiba yake. Na mimi nilinyamaza, nikijua kitu kama hicho hakikosi siku yake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, siku ya kumi. Lwakatare alifariki hospitali saa nne na nusu asubuhi. Clotilda akampigia katibu, hakumpata, akampigia mwenyekiti Mwijage. Mwijage akampigia katibu, hakumpata, akadhani anahangaika na msiba huo huo, kwa kuwa mtu wa kwanza kujua misiba yetu ni Datius. Akaandika kwenye kundi mwenyewe. Majembe yakawekwa chini kijiji kizima, nasi tukaanza kuelekea kwa marehemu kufunga turubai.

Nilipita njia ya kwa Datius ikikaribia saa saba. Nikasikia jembe.

Sauti ya jembe siku ya msiba inasisimua mwili. Nikasogea nyuma ya mibuni, nikamwona: kifua wazi, shati limetundikwa kwenye tawi, anapalilia huku anaimba wimbo wa kanisani. Mtu mwema angemwita pale pale. Mimi nilihesabu mapigo kumi na mawili ya jembe. Nilifurahi, na sitaficha, nilifurahi kuliko siku niliyovuna kahawa nyingi. Kisha nikarudi kinyumenyume, taratibu, nikaenda kuwaita Mwijage na Avit, jirani yangu, kwa sababu kanuni ya tisa inataka mashahidi watatu.

Tulipofika, tulisimama tukitazamana nani aanze kusema. Hapo shati likapiga muziki. Ilikuwa saa saba kamili. Ule wimbo wa simu kuwaka, wenye furaha isiyo na sababu, ukalia juu ya tawi, kisha ujumbe ukaanza kuingia mfululizo. Datius akageuka, akatuona, akatusalimu kwa uchangamfu na kutuomba radhi kidogo aangalie. Akavaa miwani. Ujumbe wa kwanza ulionyesha kwamba Lwakatare alimpigia mara tisa, kati ya saa tatu na saa nne.

"Lwakatare huyu," akasema akitabasamu, "amepata nafuu. Anataka kunitukana."

Akatutazama usoni, kisha mikononi. Siku ya kazi, saa ya kazi, wanaume watatu hatuna hata jembe moja. Alilitazama la kwake, akaliacha likaanguka. Mwijage ndiye aliyemwambia. Ile furaha yangu ilitoka mwilini pale pale na haijarudi mpaka leo.

Mazishi yalifanyika Jumamosi. Datius alichimba kaburi kwa miaka yake sitini na minane, na hakukubali kumwachia mwingine sururu. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Kila aliyempa pole alimweleza habari za ratiba, jinsi simu inavyojizima yenyewe, jinsi fundi wa Miembeni alivyothibitisha. Watu walitikisa vichwa kwa adabu nyingi mno. Walipofika mbali kidogo wakaambiana kwamba miguu haihitaji chaji.

Siku ya kuondoa turubai tulifanya kikao pale pale kwa marehemu. Datius alijisomea shtaka mwenyewe, kwa sauti ileile aliyonisomea mimi: amelima siku ya msiba, mashahidi watatu, hakuna ubishi. Kisha akakaa, akasubiri faini.

Hatukumpa. Mwijage akasimama na kusema katibu ni mtu mzima, ametumikia chama, na mitambo ina mambo yake, kwa hiyo kikao kinamsamehe. Watu wakaafiki mmoja baada ya mwingine. Mimi pia nilisimama nikamtetea kwa maneno matamu ambayo sikujua ninayo. Kila mtu aliyewahi kutozwa alitaka kuonja kumsamehe Datius, na kusema kweli lubisi haifikii utamu ule.

Yeye ndiye aliyejua tunachokifanya. Kwetu anayelipa faini kesi yake imekwisha, amelingana na wenzake. Anayesamehewa hubaki akisimuliwa kwenye kila kilabu mpaka siku wanambeba, na hata hao wa kumbeba hawaji wengi. Datius hakuwa na mke, binti yake yuko mjini, alichobaki nacho ni jina.

"Nitozeni," akasema. "Nyote mlilipa. Nitozeni kama mlivyolipa."

Mwijage akatabasamu kwa upole na kumwambia asijisumbue. Wengine wakasema simu ndiyo iliyokosa, itozwe simu. Kicheko kikapita chini ya turubai. Hapo Clotilda, aliyekuwa ndani na wanawake, akatoka mlangoni na kuomba aseme neno.

"Ta Datius," akasema, akimwita kwa heshima ya kwetu, "ile asubuhi mwenzio aliamka na nguvu. Akaniomba simu yake, anataka kujua magugu yamefikia wapi. Akapiga, hupatikani. Akapiga tena, mara tisa, mimi nahesabu. Mwisho akaniambia, 'Clotilda, simu ya Datius haizimwi. Ikizimika, Datius amekufa, na ninyi mnanificha kwa sababu naumwa.' Nikamwapia kwamba si kweli. Hakuniamini. Akajivuta akakaa sawa, akafanya ishara ya msalaba, akakusalia Raha ya Milele, sala ya marehemu."

Datius hakuinua kichwa.

"Aliimaliza?" akauliza.

"Aliimaliza. Amina ndilo neno lake la mwisho."

Hakuna aliyekuwa akitabasamu tena. Mwijage akakohoa, akamuuliza mjane, kwa kuwa ndiye mwenye msiba, anasemaje juu ya ule msamaha wa kikao.

"Faini mtozeni, hiyo ni yenu," Clotilda akasema. "Msamaha ulikuwa wa mume wangu, na yeye hakujua kama kuna kosa. Ameondoka anajua Ta Datius katangulia."

Akarudi ndani. Mwijage akatangaza faini kwa sauti ndogo, na sote tukainua mikono kukubali bila kutazamana. Daftari la faini lina nafasi mbili chini ya kila ukurasa, ya katibu na ya mkosaji. Datius alilifungua juu ya magoti yake, akaandika jina lake, tarehe na kosa, kwa mwandiko wake wa karani. Akasaini kama katibu. Kisha akasogeza kalamu upande wa pili, akakaa nayo hapo kwa muda mrefu kabla ya kusaini kama mkosaji. Nilikuwa benchi moja naye, nikaona. Saini ya pili haikufanana na ya kwanza.