Ndoo ya Mgeni Rasmi

Kila mradi wa maji unapozinduliwa huku kwetu, kuna jambo moja halikosekani. Mgeni rasmi anafungua bomba, ndoo inajaa, kisha yeye mwenyewe, wapambe wakimshikia huku na huku, anamtwisha mama mmoja kichwani. Vigelegele vinapigwa, picha zinapigwa. Nimehudhuria sherehe hizo kuanzia Somanga hadi kusini ya Lindi, kwa sababu kazi yangu ni kufunga na kutengeneza pampu, pamoja na visanduku vya umeme vinavyoziongoza. Zamani na mimi nilikuwa napiga makofi. Siku hizi nikiona ile ndoo inanyanyuliwa, damu inanichemka, na ningependa nieleze taratibu kwa nini.

Kijiji ninachokisema kiko upande wa baharini ukitoka Pande. Mtu akitaka kuelewa kilichotokea pale, kwanza aelewe kisima cha pwani. Chini ya ardhi yetu maji matamu hayako peke yake. Yanaelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Ukiingiza upawa polepole unapata mafuta matupu. Ukiuzamisha kwa pupa, umekoroga sufuria nzima, na hata ukijuta, mafuta hayarudi juu kwa sababu umejuta. Yanarudi yakiachwa yatulie.

Ndiyo maana ndani ya kile kisima niliteremsha kipima kina. Ni kidude kidogo kinachoning'inia kwenye waya. Maji yakishuka hadi kilipo, kisanduku kinaizima pampu. Maji yakipanda, pampu inawaka tena yenyewe. Hakuna cha ajabu, ni adabu tu ya kuchota.

Mwendesha pampu alikuwa mama mmoja mkulima wa ufuta, mtu mzima kunizidi, aliyechaguliwa na wanakijiji wenzake. Siku niliyokuwa nikimfundisha, pampu ikanyamaza ghafla. Akanitazama kwa hofu.

"Imekufa?"

"Haijakufa, mama. Inakisubiri kisima kijae."

"Inapumzika?"

"Inapumzika."

"Basi ina bahati kuliko mimi. Mimi nikikaa chini tu, mzee anauliza ugali uko wapi."

Wanawake waliokuja na ndoo zao wakacheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku hiyo wakaipa pampu jina la mke mwenza. Ikizima, hakuna aliyelalamika. "Mke mwenza kapumzika," waliambiana, "subirini." Niliwapenda kwa hilo. Nimewahi kufanya kazi na watu wenye vyeti ambao hawakupata kulielewa jambo hilo kwa wepesi huo.

Uzinduzi ulipokaribia, akaja msimamizi wa mkandarasi, kijana kutoka Dar es Salaam. Nilimkuta amesimama mbele ya kisanduku, mikono kiunoni.

"Fundi, hii kitu inazimazima. Mgeni akifungua bomba likatoa upepo, nani ataaibika?"

Nikamweleza habari ya upawa na mchuzi. Nilieleza vizuri, maana kueleza ndiko kunakonipa raha katika kazi hii. Akasikiliza huku anaangalia simu.

"Mchuzi utanipa siku nyingine. Piga direkti."

Kupiga direkti, kwa lugha yetu mafundi, ni kuunganisha kipande cha waya ili kisanduku kidanganyike kwamba kisima kimejaa. Hapo pampu, kwa kuwa inatumia umeme wa jua, haipumziki tena mpaka jua lizame.

"Hapana, bosi. Chumvi ikipanda, hawa watu hawana kisima kingine kama hiki."

"Oya, usinizingue. Siku moja tu ya sherehe."

"Hata siku moja."

Akacheka, akanipiga begani, akasema basi, yaishe. Nikamwamini, nikaenda Kiranjeranje ambako pampu nyingine ilikuwa inanisubiri.

Siku ya uzinduzi nilifika mapema. Kitu cha kwanza nilichokiona ni uwanja wa mpira uliolowa chapachapa, na mvua haikuwa imenyesha. Vijana walikuwa wameshika mpira wa maji wakinyunyizia ardhi ili vumbi lisipande wageni wakipita. Maji matamu ya kisima cha pwani yalikuwa yanamwagwa chini ili viatu vya mtu visichafuke! Nikakimbilia kwenye pampu. Mwendesha pampu alikuwa amesimama pembeni, amevaa kitenge cha sherehe, uso umekunjamana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Afadhali umekuja. Mke mwenza hapumziki tena. Tangu juzi anakimbizwa kutwa nzima."

"Nani kafungua kisanduku?"

"Yule kijana alikuja na fundi wake. Kufuli langu wakalitoa, wakatia lao. Nikiuliza, naambiwa, mama, wewe jiandae, ndiye utakayetwishwa ndoo."

Nikamfuata msimamizi, nikamwomba ufunguo. Akagusa mfuko wa suruali, akasema baada ya sherehe. Msafara ukaingia. Mgeni rasmi akafungua bomba, maji yakaruka kwa nguvu ambayo kisima kile hakikupaswa kuwa nayo. Kwenye meza kuu wageni walikunywa maji ya chupa. Kisha yule mama akainama, akatwishwa ndoo, akanyooka akitembea wima kama alivyotembea maisha yake yote, tangu kabla ya mgeni yeyote kuja kumsaidia. Baada ya sherehe wageni walikwenda kula pilau, na baada ya pilau magari yakaondoka, na ule ufunguo ukaondoka nao.

Kesho yake yule mama akanipigia simu.

"Fundi, ile ndoo niliyotwishwa jana nimepikia chai. Njoo uinywe."

Nilikwenda. Nilikunywa. Sukari na chumvi vilikuwa vinagombana mdomoni. Mwenyekiti wa kijiji akaruhusu tukate kufuli, na ndani nikaukuta waya mwekundu, umepindwa ovyo, kazi ya mtu mwenye haraka. Niliuchomoa, nikautia mfukoni pamoja na lile kufuli. Nikawaambia wanakamati ya maji ya kijiji ukweli: kisima kifungwe kabisa, kitulie, pengine mpaka masika yapite, na hata hivyo siwezi kuapa kwamba utamu utarudi.

Hayo yangetosha kuniudhi. Lakini ukaitishwa mkutano wa kijiji, msimamizi akaja, na mbele ya watu wote akasema kwamba mwendesha pampu alichezea mitambo asiyoijua, kwa hiyo atafutwe mwingine. Alisema kwa sauti ya upole, kama daktari. Nikasimama, nikanyanyua ule waya na lile kufuli lililokatwa, nikaanza kueleza. Yule mama akanigusa mkono.

"Ngoja, fundi. Hili langu."

Akamgeukia msimamizi.

"Mwanangu, kufuli ni lako?"

Kijana akatoa simu, akaitazama.

"Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa nani?"

"Mama, tusilaumiane, tuangalie mbele."

"Naangalia mbele, nakuona wewe. Kufuli lako, ufunguo wako, fundi wako. Mimi nilikuwa na nini? Ndoo kichwani, tena mmenitwisha ninyi."

"Mmemtwisha ninyi!" wanawake wakaitikia, wakicheka kicheko kisicho na furaha. Mkutano ukakataa kumwondoa. Msimamizi hakuomba radhi. Aliangalia saa, akasema ana safari.

Yule mama hakushangilia. Aliomba kitu kimoja tu: bomba lifungwe na ufunguo akae nao yeye. Minong'ono ikapita, kwa sababu kila mmoja alijua maana yake ni kurudi kwenye kisima cha bondeni, mbali na chenye tope, wakati bomba jipya liko mlangoni. Akasema atatangulia yeye. Asubuhi iliyofuata akatangulia kweli.

Nilipita kwake juzi, masika yakiwa yanaisha. Tukaiwasha pampu kidogo, tukachota kikombe, akapikia chai mbele yangu. Nikaonja. Chumvi bado ipo, ila sasa lazima uitafute.

"Kwa wali inafaa," akasema. "Chai bado. Tunasubiri."

Tukiwa tunakunywa, simu yake ikaita. Nilimsikia yule yule kijana. Kuna wageni wengine wanakuja kutazama mradi, anaomba bomba lifunguliwe kidogo, lijaze ndoo, wapige picha.

"Waje, karibuni sana," mama akamjibu kwa ukarimu wote wa kwao. "Ndoo ipo. Safari hii tutawatwisha wao, na njia ya bondeni tutawaonyesha."

Akakata simu, akanimiminia kikombe cha pili.